Bibi Grace Hopper na Daftari la Kompyuta

Wazee wetu hapa Mikese walipokuwa vijana, vitu vya thamani katika nyumba vilikuwa baiskeli, cherehani na redio. Vitu hivyo vilitunzwa. Mwenye baiskeli aliipindua magurudumu juu, akasugua mnyororo, akautia mafuta, akatazama kama breki zinashika. Mwenye cherehani alikuwa na kichupa chake cha mafuta, na kitambaa cha kuifunika jioni. Kitu kilidumu miaka mingi, hata kikarithiwa.

Siku hizi kompyuta imeingia katika nyumba kadha wa kadha. Mzazi huinunua kwa fedha za mavuno, au za mkopo, au za kiinua mgongo, ili watoto wasome na yeye mwenyewe aandike hesabu zake. Lakini wengi wetu hatuitunzi kama wazee walivyotunza baiskeli. Twaiwasha, twaitumia, kisha twaizima kwa kung'oa waya ukutani. Vumbi la kiangazi laingia, wadudu wa masika waingia, joto lazidi. Mwanzo kompyuta huwa nzito, kisha huunguruma, kisha hujizima yenyewe, na mwisho hukataa kuwaka kabisa. Ndipo watu husema kwamba ilikuwa mbovu tangu dukani, au kwamba ina mkosi, nayo hutiwa chini ya kitanda. Kijana aliyekuwa akijisomea hubaki bila kitu, na deni hubaki palepale.

Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani, Bibi Grace Hopper, aliyefariki mwaka 1992, kabla hata mwanafunzi mmoja wa shule yetu hajazaliwa. Yeye alifanya kazi na kompyuta wakati ambapo mashine moja ilijaza chumba kizima, na ikiharibika vita vizima vilingoja. Alijifunza mapema kwamba mashine haiharibiki bila sababu, na kwamba mtu mwenye subira aweza kuipata sababu hiyo. Jambo hilo latufaa sana sisi.

UTOTO WAKE

Grace Brewster Murray alizaliwa katika mji wa New York tarehe 9 Desemba, 1906. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za bima. Mama yake alipenda sana hesabu, hasa zile za mistari na pembe, ingawa katika siku zake wanawake hawakutazamiwa kujifunza mambo hayo mpaka mbali. Babu yake mzaa mama alikuwa mpimaji wa ardhi na barabara za mji, na binti huyu mdogo aliruhusiwa kufuatana naye kazini na kumshikia ule mti wa rangi nyekundu na nyeupe ambao wapimaji huutumia.

Baba yake alipatwa na ugonjwa wa mishipa ya damu hata akakatwa miguu yote miwili. Alitembea kwa miguu ya mti, lakini hakuacha kazi yake. Mzee huyo aliona kwamba huenda asiishi siku nyingi, na kwamba mali aweza asiache. Basi akakata shauri kwamba binti zake wapate elimu sawasawa na mwana wake, ili kila mmoja aweze kujilisha. Mzazi anayesoma habari hii na alifikiri neno hilo.

Kila mwaka wakati wa joto jamaa hao walikwenda kukaa Wolfeboro, katika jimbo la New Hampshire, kando ya ziwa. Katika nyumba yao ya huko mlikuwa na saa saba za mezani zenye kengele ya kuamsha. Grace alikuwa na umri wa miaka 7. Alitaka kujua ni kitu gani kinachoifanya saa ilie. Akaichukua moja akaifungua, na mara vipande vikamrukia: kamani, magurudumu yenye meno, na misumari midogo. Alishindwa kuirudisha ilivyokuwa. Akafungua ya pili ili atazame jinsi ya kuitengeneza ya kwanza, akashindwa tena. Akaendelea hivyo mpaka mama yake alipogundua kwamba saa zote saba zimekuwa chungu ya vyuma.

Mama mwingine angalimchapa. Mama huyu alitoa amri moja tu: tangu siku hiyo Grace atakuwa na saa moja ya kufungua, na zile nyingine asiziguse. Amri hiyo ilikuwa na hekima ndani yake. Mtoto hakukatazwa kuuliza, lakini alifundishwa kwamba anayetaka kutengeneza kitu hafungui vitu vyote kwa mara moja. Huanza na kimoja, akakijua, ndipo akaendelea.

SHULENI NA CHUONI

Msomaji asidhani kwamba binti huyu alifaulu kila alilolitenda. Alipokuwa na miaka 16 aliomba kuingia katika chuo cha wanawake cha Vassar, akaanguka mtihani wa Kilatini. Ikambidi angoje mwaka mzima na kusoma upya. Mwaka 1924 aliingia chuoni, na mwaka 1928 akahitimu katika hesabu na fizikia kwa heshima kubwa. Kutoka huko alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, akapata shahada ya pili mwaka 1930, na mwaka 1934 akapata udaktari wa hesabu. Wanawake wenye shahada hiyo walikuwa wachache mno siku hizo. Mwaka 1930 aliolewa na Bwana Vincent Foster Hopper, naye akawa Bibi Hopper. Waliachana mwaka 1945, lakini jina hilo aliendelea nalo mpaka kufa.

Tangu mwaka 1931 alirudi Vassar kuwa mwalimu wa hesabu. Angaliweza kukaa huko mpaka uzee wake, kwa maana kazi ilikuwa njema na mshahara ulikuwa wa hakika.

VITA VYAMWITA

Desemba 1941 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Pili. Bibi Hopper alitaka kuingia Jeshi la Wanamaji, maana babu yake mmoja wa zamani alikuwa Admirali. Akakataliwa. Aliambiwa kwamba umri wake umepita, kwamba ni mwembamba mno, kwa kuwa alipungukiwa kilo 7 hivi kwa kipimo cha jeshi, na kwamba mwalimu wa hesabu afaa zaidi kubaki darasani. Hakukata tamaa. Aliomba ruhusa chuoni, akaomba tena jeshini, na Desemba 1943 akaapishwa. Katika shule ya maofisa alishika nafasi ya kwanza, ingawa wenzake wengi walikuwa wadogo kwake kwa miaka mingi.

Julai 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Kamanda Howard Aiken. Alipoingia chumbani alikuta mashine ambayo hajapata kuiona mfano wake. Iliitwa Mark I. Urefu wake ulikuwa zaidi ya mita 15, kimo chake karibu mita 2 na nusu, na uzito wake zaidi ya tani 4. Ndani yake mlikuwa na waya zaidi ya kilomita 800, yaani karibu sawa na urefu wa reli kutoka Dar es Salaam kupita hapa kwetu Mikese hadi Tabora. Vipande vyake vyote pamoja vilizidi 700,000. Pamoja na ukubwa huo, iliweza kujumlisha mara 3 tu kwa sekunde moja, na kuzidisha mara moja kulichukua sekunde 6 hivi. Simu ndogo ya mkononi ya leo yaishinda mbali sana. Lakini kwa siku zile ilikuwa ajabu, kwa maana ilifuata maagizo yenyewe, yakiwa yametobolewa katika utepe wa karatasi, bila mtu kuishika mkono.

Mashine hiyo ilifanya kazi usiku na mchana, maana mizinga na meli zilingoja hesabu zake. Haikuwa na ruhusa ya kusimama. Lakini ilisimama mara nyingi. Tundu moja katika utepe likitobolewa mahali pasipo pake, jibu zima lilikuwa uongo. Swichi moja ikichafuka, kazi ya siku nzima ilipotea. Kwa hiyo Bibi Hopper na wenzake hawakuwa waandishi wa hesabu tu; walikuwa pia walinzi na waganga wa mashine. Yasimuliwa kwamba waliposhuku swichi fulani walizima taa za chumba, wakachukua kioo kidogo cha kujitazamia cha Bibi Hopper, wakakipitisha nyuma ya mashine gizani ili waone ni wapi panapotoa cheche. Penye cheche ndipo penye ugonjwa. Chombo cha uganga wao kilikuwa kioo cha mkobani, na subira.

Kamanda Aiken alimwamuru pia aandike kitabu cha kuieleza mashine hiyo. Bibi Hopper alisema hajapata kuandika kitabu. Akajibiwa kwamba sasa ataandika. Kitabu kilitoka mwaka 1946, chenye kurasa zaidi ya 500. Ndani yake mlielezwa mashine ilivyojengwa, inavyoendeshwa, na jinsi ya kuipa kazi. Tangu hapo mtu mgeni aliweza kujifunza kwa kusoma, wala hakuhitaji kumngoja fundi mmoja anayeyajua yote kichwani mwake.

NONDO NDANI YA MASHINE

Baada ya vita waliunda mashine ya pili, Mark II. Hii ilikuwa na maelfu ya rilei, yaani swichi ndogo zinazofunguliwa na kufungwa kwa nguvu ya sumaku ya umeme. Bibi Hopper alisimulia kwamba jengo lao halikuwa na mitambo ya kupoza hewa, na kwamba siku za joto madirisha yaliachwa wazi. Kila mtu wa Mikese ajua nini hutokea taa ikiwaka na dirisha likiwa wazi.

Tarehe 9 Septemba, 1947, mashine ilikosea. Watu wa zamu walitafuta sababu, na saa kumi kasorobo alasiri wakaipata. Katika rilei nambari 70 ya ubao F palikuwa na nondo aliyekufa, amebanwa kati ya ncha mbili, na umeme haukuweza kupita. Wakamtoa taratibu. Kisha wakafanya jambo lililo kubwa kuliko kumtoa: wakafungua daftari la kumbukumbu la mashine, wakambandika nondo yule kwa karatasi ya gundi, wakaandika saa, mahali alipopatikana, na neno la mzaha kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza mdudu hasa kupatikana.

Mzaha huo una asili yake. Tangu zamani, karne iliyotangulia, mafundi wa Marekani walikuwa wakiliita kosa lolote la mashine mdudu. Kwa hiyo si kweli, kama wengine wasemavyo, kwamba Bibi Hopper ndiye aliyelibuni jina hilo, wala si yeye aliyemwona nondo kwanza. Lakini alikuwa mmoja wa kundi lile, naye aliisimulia habari hiyo kwa miaka mingi mpaka ikajulikana dunia nzima. Daftari lenyewe lipo hata leo katika jumba la makumbusho mjini Washington, na nondo wake ndani.

Tutafakari kidogo. Wangalimtupa nondo yule dirishani na kuendelea na kazi, nasi tusingalijua neno. Na wao wenyewe, mashine ikisimama tena kwa dalili ileile mwezi uliofuata, wangalianza kutafuta upya gizani. Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta nayo ni mali.

KUIFUNDISHA KOMPYUTA LUGHA YA WATU

Mwaka 1949 Bibi Hopper alikwenda Philadelphia kufanya kazi katika kampuni iliyokuwa ikijenga kompyuta iitwayo UNIVAC. Huko aligundua kwamba makosa mengi hayakutoka kwa mashine. Yalitoka kwa watu. Mwandishi wa programu alipohitaji kipande cha hesabu kilichokwisha kuandikwa na mwenzake, alikinakili kwa mkono kutoka katika daftari; na mwanadamu akinakili, hukosea. Tarakimu moja ikiruka, wiki nzima yapotea.

Akawaza kwamba kama kompyuta haichoki, wala haipitiwi na usingizi, kwa nini kazi ya kunakili isiwe yake? Basi vipande vilivyokwisha kujaribiwa na kuonekana vizuri aliviweka katika utepe na kuvipa nambari, na mwaka 1952 akawa na programu ya kuviita na kuviunga vyenyewe. Programu ya namna hiyo yaitwa kompaila. Watu wengi hawakumsadiki. Walishika kwamba kompyuta hufanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Yeye hakugombana nao sana. Aliwaonyesha inavyofanya kazi.

Kisha akaendelea mbele. Aliona kwamba makarani na wenye biashara hawapendi alama za hesabu, bali hupenda maneno. Akatengeneza lugha ya programu iliyotumia maneno ya kawaida ya Kiingereza, iitwayo FLOW-MATIC. Mwaka 1959 kamati ya serikali na makampuni ilikutana kutunga lugha moja itakayotumika katika kompyuta za kila kampuni, nayo ilichukua mengi kutoka katika lugha hiyo. Lugha mpya iliitwa COBOL. Desemba 1960 programu ileile iliendeshwa katika kompyuta za makampuni mawili tofauti, ikafaulu. Mpaka leo ziko benki zitumiazo programu zilizoandikwa kwa COBOL.

HABARI ZA NCHI YETU

Habari hizi si za Wamarekani peke yao. Kompyuta ya kwanza ya nchi yetu, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Katika miaka iliyofuata kazi ya kuweka hesabu za serikali kwa kompyuta ilileta matata na hasara, na wazalendo wenye ujuzi wa mitambo hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondolewa baada ya miaka mingi, na leo kijana wa kidato cha kwanza aweza kuigusa mashine ambayo babu yake hakuruhusiwa hata kuiagiza.

Somo lake ni wazi. Kununua mashine ni jambo la siku moja. Kuwa na watu wanaoijua, wanaoweza kusema kwa nini imesimama, ni kazi ya miaka. Hayo ni kweli kwa nchi, na ni kweli kwa nyumba ya mtu mmoja.

UZEE WAKE

Mwisho wa mwaka 1966 Bibi Hopper, akiwa na umri wa miaka 60, alistaafishwa jeshini. Hata mwaka haukuisha. Agosti 1967 jeshi lilimwita arudi kwa muda wa miezi sita, maana programu zake zilikuwa zimeingia katika fujo. Kila kituo kilitumia COBOL ya namna yake. Miezi sita hiyo ikawa karibu miaka 19. Yeye na watu wake waliandika programu za kupima programu nyingine, ili kompaila ya kampuni yoyote ijaribiwe kwanza kabla ya kuaminiwa.

Katika miaka hiyo alizunguka kuwafundisha vijana. Huwapa wasikilizaji kipande cha waya chenye urefu wa sentimita 30 hivi. Huo ndio umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni moja ya sekunde. Kwa waya huo hata mtoto aliweza kuelewa kwa nini kompyuta ya haraka lazima iwe ndogo. Ukutani katika ofisi yake alitundika saa inayokwenda kinyumenyume, nayo ilisema majira sahihi kama saa nyingine, ili watu wajue kwamba desturi si sababu. Wasomaji wanaokumbuka zile saa saba za utotoni watacheka kidogo.

Mwaka 1985 alipata cheo cha Admirali wa ngazi ya chini. Tarehe 14 Agosti, 1986, aliagwa na jeshi juu ya meli ya kale USS Constitution mjini Boston, akiwa na miaka 79, ofisa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa kazini. Hata hapo hakukaa barazani. Alikwenda kuwa mshauri wa kampuni ya kompyuta. Mwaka 1991 alipewa nishani ya taifa ya ufundi. Alifariki tarehe 1 Januari, 1992, akazikwa kwa heshima ya kijeshi katika makaburi ya Arlington. Meli moja ya vita yaitwa kwa jina lake, na mwaka 2016, akiwa amekwisha kufa, alitunukiwa nishani ya juu kabisa ambayo Rais wa Marekani huwapa raia.

YATUPASAYO SISI

Sasa turudi nyumbani kwetu. Maisha ya Bibi Hopper yatufundisha mambo kadhaa ambayo kila nyumba yenye kompyuta yaweza kuyatenda, tena mengi yake hayahitaji fedha.

Kwanza ni usafi. Nondo wa Harvard ana ndugu wengi Mikese: kumbikumbi, sisimizi, mende na mijusi. Kompyuta ina matundu ya kupitisha hewa, na ndani yake feni ndogo ya kuipoza. Matundu yakizibwa na vumbi, joto hubaki ndani, na mashine hupunguza mwendo au kujizima ili isiungue. Iwekeni juu ya meza, si juu ya godoro wala kitenge, ambavyo huziba matundu ya chini ya kompyuta mpakato. Mara kwa mara izimwe, ing'olewe umeme, ipoe, na vumbi lipanguswe kwa brashi laini na kavu. Ikiisha kupoa ifunikwe kwa kitambaa safi, lakini isifunikwe kamwe ikiwa inawaka.

Pili ni umeme. Kompyuta haizimwi kwa kung'oa waya, maana huenda ikawa inaandika kitu wakati huo, na maandishi yakaharibika. Izimwe kwa amri yake yenyewe, ingojewe mpaka inyamaze. Radi inapoanza kunguruma upande wa Uluguru, ing'olewe kabisa ukutani. Mahali ambapo umeme huyumba, stabilaiza ni ununuzi wa busara kuliko kompyuta ya pili.

Tatu ni yaliyomo ndani. Kompyuta hulemewa kama mtu aliyebebeshwa mizigo ya wengine. Programu ambazo hazitumiki ziondolewe, na nafasi ibaki ya kutosha katika diski. Flashi iliyotoka kwa rafiki ichunguzwe kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kama vile Bibi Hopper alivyopima kompaila kabla ya kuiamini. Masahihisho yanayotoka kwa watengenezaji yapokewe, kwa maana ndiyo dawa ya makosa yaliyogunduliwa baadaye.

Nne ni nakala. Diski hufa, tena pengine bila kuaga. Picha za arusi, hesabu za duka na kazi za shule ziwe na nakala nyingine katika flashi au diski ya pembeni, nayo iwekwe mahali pengine. Asiye na nakala hana mali; ana mali ya kuazima.

Tano, na hili ndilo kubwa, ni daftari. Nunueni daftari dogo la mazoezi, liwekwe karibu na kompyuta. Iandikwe tarehe iliponunuliwa. Kila inapokosea, iandikwe siku, saa, maneno yaliyoonekana kwenye kioo, kitu kilichotendwa kabla yake, na dawa iliyofaa. Mnapotafuta kosa badilisheni kitu kimoja tu, kisha mjaribu; mkibadilisha vitano kwa pamoja, ikapona, hamtajua ni kipi kilichoiponya. Hiyo ndiyo ile amri ya mama yake ya saa moja. Na siku mtakapokwenda kwa fundi, mchukulieni daftari. Fundi mwaminifu atafurahi, na asiye mwaminifu ataogopa.

Lakini twawaonya wadogo zetu kwamba kompyuta si saa ya kamani. Kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme ndani ya kompyuta ya mezani kisifunguliwe, kwa maana huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kung'olewa ukutani. Betri iliyovimba isitobolewe wala kubanwa. Yaweza kuwaka moto. Mambo hayo ni ya fundi.

Bibi Hopper alianguka mtihani, alikataliwa jeshini, alistaafishwa, na alibishiwa na wataalamu. Kila mara alitafuta sababu, akaiondoa, akaendelea. Hakuwahi kuamini kwamba mashine ina mkosi. Na sisi, kabla hatujaitia kompyuta yetu chini ya kitanda, tumtafute kwanza nondo wake. Tukimpata, tumbandike daftarini.